Kitanda cha Mwajuma

Nimestaafu miezi michache iliyopita na tayari nimefungua redio mbili, pasi ya jirani, na saa ya ukutani ambayo haikuwa na ugonjwa wowote. Mke wangu, Mama Salimu, ameficha bisibisi zangu kwenye ndoo ya unga akidhani sitatazama huko. Anasema nyumba yetu hapa Manundu, Korogwe, ilikuwa na amani zaidi nilipokuwa naenda kazini. Kwa hiyo ninyi vijana wa karakana, mliponiomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya kazi, mlidhani mnanitwisha mzigo. Kumbe mlimpa mgonjwa dawa.

Sitaandika habari za vyeo, maana vilikuja vilipojisikia, wala za mshahara, maana mnaupokea wenyewe na mnajua haukai mfukoni. Nitaandika habari za mashine na za watu walionifundisha kuzisikiliza. Nitaandika pia kosa langu moja ambalo nusura limtoe chuoni mwanafunzi bora kuliko wote niliowahi kuwapa bisibisi. Kosa hilo ndilo linaloninyima kukaa kitako hadi leo.

Nilianzia Handeni, hospitalini, nikiwa fundi msaidizi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Fundi mkuu, Mzee Mntambo, alinitazama toka juu hadi chini akaniuliza, "Kijana, umekuja kazini au umekuja kuchumbia?" Akanikabidhi pampu ya kunyonya makohozi, ikiwa imejaa vitu nisivyotaka kuvieleza, akaniambia niisafishe. Shati lile sikulivaa tena.

Mzee Mntambo alikuwa na mtindo wake. Mashine ikiharibika wodini hakuifungua kwanza. Alivuta kigoda, akakaa pembeni, akatazama: nani anaiwasha, nani anaizima, nani anaipiga teke akipita na ndoo. Mimi mikono ilikuwa inaniwasha. "Mzee, tufungue," nilikuwa namwambia. Naye hunijibu, "Mhando, mtu akiumwa tumbo unampasua kwanza, ndipo unamuuliza amekula nini?" Nilimheshimu, lakini moyoni nilimwona mzembe. Thamani ya kile kigoda nimekuja kuijua nikiwa na mvi.

Haraka yangu ilinitokea puani mapema. Siku moja tuliletewa kwa lori sanduku la joto la watoto njiti, zawadi kutoka nje, limefungwa kwa nailoni kama bibi harusi. Wauguzi walipiga vigelegele. Mzee Mntambo alikuwa msikitini, mimi nikaona nimfurahishe, nikalichomeka. Lilikuwa limetengenezwa kwa umeme wa kwao, ambao ni nusu ya nguvu ya umeme wetu. Likatoa moshi kabla hata sijaondoa mkono kwenye swichi. Aliporudi hakunigombeza. Alinipa karatasi na kalamu akasema, "Andika ulichofanya, utie jina lako. Fundi akificha kosa lake, atalikuta mbele limezaa." Niliandika, nikatia jina, na nilimchukia kwa wiki nzima.

Tatizo kubwa la Handeni miaka ile lilikuwa vumbi. Nilipanga chumba Chanika, pale pale mjini Handeni, na vumbi jekundu nililikuta kwenye sukari, kwenye mto, hadi ndani ya soksi zilizokuwa ndani ya viatu. Mashine zilikufa kwa vumbi. Darubini, mizani, pampu, ukifungua unakuta udongo wa kutosha kupanda mchicha. Basi nikajipa vita. Nilipopewa kazi ya kuzunguka na kuwafundisha wauguzi wa zahanati za Handeni, na baadaye za Korogwe, nilikuwa na wimbo mmoja tu: funika mashine. "Mashine isiyofunikwa ni mashine iliyokufa!" nilikuwa nawaimbisha, nao wanaitikia na kuandika kwenye madaftari. Nilijiona mwalimu kwelikweli.

Miaka ikaenda. Nikahamia Korogwe, na mwishoni nikachukuliwa na chuo ambacho sitakitaja, waliopita pale watakijua, nikawa msimamizi wa karakana ya wanafunzi wa shahada ya uhandisi tiba. Hapo ndipo nilipokutana na aina mpya ya ugonjwa. Vijana wana akili za ajabu, wanakokotoa hesabu ambazo mimi hata kuzisoma kwa sauti siwezi, lakini hawajawahi kusikia feni inayokaribia kufa inaliaje. Na karibu wote walikuwa wanangoja jambo moja tu, wamalize, wavae tai, waende Dar es Salaam wakauze mashine za watu wengine. Ukiwauliza kwa nini wasitengeneze ya kwao, hapa hapa chuoni, wanacheka kwa adabu.

Niliwasemesha sana, nikaona maneno hayaingii. Nikabadili mbinu. Kwenye kona ya karakana, mbele ya dirisha, niliweka meza. Juu yake nikapanga mashine mbovu nilizookota katika hospitali na zahanati: vipima presha, pampu, taa za kuchunguzia wagonjwa. Kila moja nikaifunga kikaratasi: inatoka wapi, inalalamika nini. Pembeni nikaacha bisibisi moja. Sikuweka tangazo. Vijana wakaiita meza ya wagonjwa. Wengi walipita, wakapiga picha, wakaenda kula chipsi. Lakini kila muhula mmoja wawili walishika bisibisi, na hao ndio niliokuwa nawawinda.

Mwajuma alishika bisibisi akiwa mwaka wa pili. Ni binti wa Chanika, mama yake anashona sare za shule. Aligeuza kipima presha kimoja mkononi, akasoma kikaratasi, kisha akaniuliza, "Mzee, huyu aliyekuwa anakitumia, alikuwa anatumia mkono gani?" Nilimtazama. Miaka yote ile hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza habari za mtumiaji. Wote waliuliza habari za saketi. Kesho yake alikuja na mwenzake Elia, kijana wa milimani huko Usambara aliyejaa maneno ya mjini, na toka hapo kona ile ikawa yao.

Wazo la kitanda lilitoka kwenye mafunzo yake ya vitendo. Alikuta wauguzi wanachemsha maji kwenye jiko la mkaa, wanayatia kwenye chupa, wanazifunga kanga na kumwekea mtoto mchanga ubavuni apate joto. Chupa ikiwa ya moto sana inachoma, ikipoa haina kazi. Alirudi akiwa na mpango wa kuandika ripoti ya kurasa nyingi juu ya jambo hilo. Ni mimi niliyemchokoza. Nilimwambia, "Karatasi haimpashi mtu joto. Tengeneza." Aliogopa. Alisema akishindwa atapata alama mbovu, na mama yake ameuza vingi ili yeye afike pale. Nikamwahidi hatashindwa. Mzee mzima natoa ahadi ya kitu kisicho mkononi mwangu.

Walikitengeneza kwa miezi. Mbao za mtiki, masalia kutoka kwa fundi seremala. Feni ya kompyuta iliyokufa. Hita ndogo, kipimajoto, na swichi ya usalama inayozima kila kitu joto likipita kiasi. Kuba la plastiki juu. Mwajuma alitaka matundu ya hewa yawe chini ya kitanda. Nikamkatalia. "Chini kunaokota vumbi," nilisema. "Weka ubavuni." Akaweka ubavuni, kwa sababu mzee amesema.

Tulipewa ruhusa ya kukijaribu katika zahanati moja pande za Magoma, kwa sharti kwamba hakuna mtoto atakayelazwa humo. Badala ya mtoto tuliweka chupa ya maji, na muuguzi aandike joto lake asubuhi, mchana na jioni. Muuguzi huyo aliitwa Mama Hiza, mwanamke mnene, mcheshi, msafi kupita kiasi. Siku ya kwanza tu aliibatiza ile chupa Mtoto wa Chuo, na akawa anaiaga akitoka kazini.

Wiki moja haikuisha, akapiga simu. "Mzee Mhando, kitanda kinazima chenyewe. Mtoto wa Chuo amepoa kama samaki." Tulimjulisha kuwa tunakwenda, tukaenda na vifaa vyetu. Tukakikuta kinafanya kazi vizuri. Tulikaa kwa muda wa saa nne, hakikuzima. Tukarudi. Siku mbili baadaye, simu: kimezima. Tukajulisha tena, tukaenda tena, kizima kabisa. Mara ya tatu ikawa hivyo hivyo. Mwajuma alibadilisha swichi, akabadilisha waya zote, akavunja saketi na kuijenga upya mara mbili. Elia akaanza kumshuku Mama Hiza. "Huyu mama anatuzingua," alisema tukiwa njiani. "Anachomoa waya achaji simu." Mwajuma alikuwa anatazama mikonge dirishani, na nilijua anajilaumu.

Kwenye idara mambo yakawa mabaya. Mkuu wa idara si mtu mbaya, ila anapenda vitu vinavyokwisha. Aliniita akaniambia kamati inakaa Jumatatu, na kwamba kitanda kisichoaminika hakiwezi kuendelea. Akaongeza kuwa ile kona yangu inachukua nafasi, na chuo kina shida ya pa kuweka viti. Nikatoka pale nikakutana na Mwajuma kwenye korido, ana fomu mkononi. Ya kuhama kozi. Alikuwa anaomba kwenda ualimu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hiyo nini?"

"Mzee, mimi si mtu wa mashine. Nilidanganyika tu." Macho yalikuwa makavu, na hilo ndilo lililoniuma. "Jumatatu wakishakifunga, na mimi naikabidhi."

Nilibakiza miezi miwili nistaafu, na kitu pekee nilichokuwa nimekijenga pale, kona moja na binti mmoja, kilikuwa kinabomoka. Wiki ile sikula vizuri. Nilikuwa nasimama, nakaa, nasimama. Mama Salimu aliniambia nikatembee maana namtia kizunguzungu.

Jumamosi tukapata taarifa ya msiba, mama mkwe wa ndugu yangu, huko huko pande za Magoma. Nilivaa kanzu na kofia, nikaenda kuzika. Tuliporudi kutoka makaburini kichwa kilikuwa kinanigonga, na zahanati haikuwa mbali. Nikasema nikaombe panadol. Sikuwa na simu iliyo na chaji, sikuwa na boksi la vifaa, sikumjulisha mtu.

"Hodi!"

"Karibu... Eh! Mzee Mhando!" Mama Hiza alitokea mlangoni mwa chumba cha kina mama, akasimama katikati ya mlango kama mtu aliyekutwa hajajifunga kilemba. "Mbona hukupiga simu, mzee wangu?"

Nilimwambia nimetoka msibani, naumwa kichwa. Akanipa pole, akageuka kutafuta dawa. Aliposogea, nikaona ndani.

Kitanda cha Mwajuma kilikuwa kimevaa. Vitambaa vitatu vya kufuma kwa mkono, vyeupe, pindo za waridi. Kimoja juu ya kuba. Kimoja juu ya kisanduku cha swichi, na juu yake ua la plastiki ndani ya glasi. Cha tatu, kikubwa kuliko vyote, kimezungushwa ubavuni hadi karibu na sakafu kama sketi, kikiwa kimefumwa maneno Mgeni Karibu. Niliinua sketi ile. Matundu ya hewa yote yalikuwa yamezibwa. Ubao ulikuwa wa moto, swichi ya usalama imeshazima kila kitu, na feni kimya.

"Nani amevifuma?" niliuliza.

"Mimi mwenyewe. Zamu ikiwa haina wagonjwa nafuma." Alikuwa ameanza kuona fahari. "Vimependeza, eti?"

"Vimependeza. Sasa tukija sisi, huwa viko wapi?"

"Si navitoa! Nyie mnakuja na mikono ya grisi, mzee wangu, vitambaa vyeupe hivi si mtaniharibia? Mkipiga simu tu natoa, naviweka kabatini. Mkiondoka narudisha."

"Lakini Mama Hiza, kwa nini unakifunika kikiwa kinafanya kazi?"

Akacheka, akanipiga kidogo begani kwa kitambaa. "Unanipima nini? Si wewe mwenyewe ulitufundisha, kwenye ile semina ya Handeni? Mimi nilikuwa bado msichana. Mashine isiyofunikwa ni mashine iliyokufa. Neno lile nimelishika mpaka leo."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa na panadol mkononi, maji nikayasahau. Nilijaribu kukumbuka kama siku zile nilikuwa nasema mfunike ikishazimwa na kupoa. Nataka kuamini nilisema. Ila wimbo ninaoukumbuka, na ambao kila mtu anaukumbuka, hauna maneno hayo.

Nilirudi Korogwe nyuma ya bodaboda, na njia nzima kichwa kilikuwa kinazunguka kuliko magurudumu. Nilikuwa nazikumbuka mashine. Jiko la kuchemshia vifaa lililoungua huko, jokofu la chanjo lililokufa kule, mota za pampu, moja baada ya nyingine, katika zahanati zile zile nilizopita nikiimba. Kwenye ripoti zote niliandika sababu moja: umeme mbovu. Sikuwahi kukaa kwenye kigoda nikatazama. Mkono wangu mwenyewe uliandika, na mkono wangu mwenyewe ulitia saini. Nilitaka kumwambia dereva asimame nishuke nitembee.

Nilipofika nilichaji simu nikampigia Mwajuma. Haipatikani. Nikampigia Elia, akasema amekwenda kwao, amezima simu, hataki kusikia habari ya chuo. Jumapili asubuhi nikapanda gari la kwanza la Handeni.

Mama yake nilimkuta Chanika barazani, kwenye cherehani. Alinisalimu kwa heshima, akaniletea kiti, kisha akasema waziwazi, "Mzee, mwanangu hali wala halali. Kama umekuja kumshawishi, naomba umwache. Ualimu nao kazi." Nikamwambia sikuja kushawishi, nimekuja kusema kosa langu. Mwajuma akatoka ndani kaufunga mtandio hadi kwenye nyusi.

Nikamweleza yote, sikubakisha. Vitambaa, simu zetu za adabu, semina, wimbo. Nikamweleza na habari ya matundu ya ubavuni, kwamba yeye alitaka yawe chini na mimi ndiye niliyemkatalia. "Kitanda chako hakijawahi kuharibika," nilimwambia. "Kila tulipokikuta kizima, kilikuwa kizima kweli. Kesho nitasimama mbele ya kamati nitaje jina langu. Kisha nitakwenda kwa Mama Hiza nimkataze kufunika."

Nilitegemea alie, au anitukane, na haki alikuwa nayo. Badala yake aliuliza, "Vitambaa vizito au vyepesi?"

"Vizito. Uzi wa pamba."

"Vinashuka mpaka wapi?"

Nikaonyesha kwa mkono, kiasi cha shubiri moja toka sakafuni.

"Usimkataze, mzee."

"Nisimkataze?"

"Ukimkataza yeye, yupo Mama Hiza mwingine zahanati nyingine. Nani huku ana kitu kizuri akakiacha wazi? Tazama humo ndani." Nikatazama. Runinga ya mama yake imevaa kitambaa. Redio imevaa kitambaa. Hata chupa ya chai imevaa. "Watafunika tu. Na watafunika kwa sababu wamekipenda." Akavuta mtandio nyuma, na uso wake ukawa umebadilika. "Halafu, mzee, usiniambie kilikuwa kizima. Kitanda kinachokufa kwa kitambaa ni kibovu. Mwezi mzima natafuta ubovu kwenye waya, kumbe uko kwenye matundu!"

Sijapata kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kujua kazi yake ni mbovu. Alichukua chaki ya mama yake ya kuchorea nguo, akapiga magoti kwenye saruji ya baraza, akaanza kuchora. Miguu ya kitanda iwe mirefu zaidi. Matundu yaingie chini, katikati, mahali ambapo sketi haifiki. Wavu mwembamba wa vumbi unaochomoka na kuoshwa, maana vumbi nalo si uongo. Mama yake alisimamisha cherehani akainama kutazama.

"Na ile fomu?" mama aliuliza.

"Ngoja kwanza, mama. Nipe futi yako."

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati nikasema nilichofanya, kwa jina langu. Mkuu wa idara alivua miwani akaniuliza kama nina hakika nataka liandikwe kwenye kumbukumbu, kwa mtu aliyebakiza muda mfupi kama mimi. Nikasema liandikwe. Mwajuma akanyanyua mkono. "Naomba na langu liandikwe," alisema. "Yeye alishauri. Aliyechora ni mimi, na sikuenda kuona chumba kikoje tusipokuwepo." Kisha akaomba wiki tatu na mbao mbili za mtiki. Wakampa. Fomu sikuiona tena, wala sikuiuliza.

Kitanda kipya kiko Magoma, na kimefunikwa. Mama Hiza amekifumia sketi mpya kwa kipimo alichopewa na Mwajuma, na amelalamika kwamba ni fupi, haina heshima. Mtoto wa Chuo hapoi tena. Ruhusa ya kumlaza mtoto wa kweli bado, na ni sawa ichelewe, mambo hayo yana watu wake wa kuyapima. Kona ya meza ya wagonjwa haijawa stoo ya viti. Naambiwa Mwajuma ameongeza kigoda pembeni mwa meza, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haruhusiwi kushika bisibisi kabla hajakikalia.

Ningeishia hapo, lakini ningekuwa nawadanganya kuhusu hali yangu. Mtu aliyestaafu hutakiwa kupumzika. Mimi kila nikikaa naona vitambaa. Kwa hiyo nimeanza kuzirudia zile zahanati, moja moja, bila kupiga simu. Mama Salimu anasema nimekuwa kama mdai. Mwajuma akiwa na nafasi tunakwenda wote, na huja na wanafunzi wawili watatu wa mwaka wa kwanza, wanaobeba boksi kwa zamu.

Wiki iliyopita tulifika kituo kimoja upande wa Handeni. Muuguzi alikuwa binti mdogo, ameajiriwa juzijuzi tu. Pembeni mwa chumba palikuwa na jiko la umeme la kuchemshia vifaa, limefunikwa kitambaa kilichofuliwa vizuri, rangi imekwisha kwa kufuliwa. Mwajuma akamuuliza kwa upole kama linafanya kazi. Akasema halijawahi kufanya kazi tangu aje, na hata waliomtangulia hawakuliona likiwaka.

"Na kitambaa?" nikauliza.

"Tumekikuta hivyo hivyo, mzee. Tumeambiwa mashine lazima ifunikwe, ndiyo utaratibu wa hapa."

Wanafunzi walikuwa wananitazama. Mwajuma alinitazama mara moja tu, kisha akapiga magoti, akatafuta bisibisi kwenye boksi. Nilivua kofia. "Mwanangu," nilimwambia yule binti, "huo utaratibu niliuleta mimi, kabla hujazaliwa. Niliwafundisha vibaya. Hilo jiko limekufa kwa sababu yangu."

Hakunielewa. Aliinama kidogo kwa adabu, mikono miwili mbele, kama watoto wetu wanavyofunzwa kumshukuru mkubwa.

"Asante sana, mzee," alisema. "Kwa kweli limetunzika. Miaka yote hii, halina hata vumbi."

Mwajuma alikuwa ameshaanza kulegeza skrubu.